Somo: Kufunga 1HZ na gia boksi ya H55F kwenye Land Cruiser FJ45 pikapu ya 1978

Wakuu salama. Tangu niweke picha za pikapu ya mzee kuna watu wameniuliza tena na tena nimefanyaje, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, na maswali ya waliokwisha kuuliza nimeyaweka mwisho na majibu yake.

Gari lenyewe ni FJ45 ya 1978, lilikuja na injini ya petroli ya 2F, sisi (cc) 4230, gia nne. Mzee alikuwa anashusha nalo ndizi na kahawa kutoka Marangu mpaka Moshi mjini, na miaka ya mwisho lilikuwa linakaa tu chini ya mparachichi maana kulijaza mafuta ilikuwa msiba. Nimeweka 1HZ, dizeli ya silinda sita, sisi 4164, ile ile iliyo kwenye mkonga (Land Cruiser ya kazi) wa halmashauri na wa hospitali kila wilaya. Watu wataniambia 1HZ sio ya kisasa, imeanza 1990. Ukiiweka kwenye chesesi ya 1978 ni ya kisasa vya kutosha, haina kompyuta, spea zake zipo hadi kwenye duka la kijijini, na fundi yeyote anaijua. Nguvu kwenye karatasi haizidi sana ile ya petroli, ila msuli wake (torque) unakuja mapema injini ikizunguka taratibu, karibu Nm 285 kwenye mizunguko 2200 kwa dakika, na hapo ndipo pikapu ya mzigo inapotaka.

Jambo moja nataka mlishike kabla ya spana kushikwa: injini kuingia sio kazi. Ukiwa na cheni bloku na vijana wawili inaingia asubuhi moja. Kazi ni vile vitu ambavyo injini ya zamani ilikuwa inavihudumia kimya kimya na hukuwahi kuviwazia, na kubwa kuliko vyote ni breki, nitafika huko.

Hatua ya 1: Kununua

Nunua injini na gia boksi vikiwa bado vimeshikana, na kama inawezekana gari lililokatwa nusu, maana utahitaji pedeli, waya, rilei, bomba za mafuta, na ukianza kununua kimoja kimoja Gerezani au Ilala kule Dar utalipa mara mbili. Mimi nilitafuta mzigo uliotoka kwenye Land Cruiser HZJ75 ya mwanzo wa miaka ya 90 kwa sababu inakuja na H55F, gia tano, na transfa yake (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) inatoa propela zote mbili upande wa kulia kama FJ45 ilivyo. Ukichukua ya Land Cruiser ya 80 au ya 105 propela ya nyuma inatokea katikati na difu yako ya nyuma iko pembeni, hapo umejitafutia kesi. Hakikisha pia sampu (bakuli la oili chini ya injini), zipo za maumbo tofauti, na isiyo sahihi itakaa juu ya difu ya mbele na kugonga kila ukiingia shimoni.

Soma kibandiko cha stata. Mashine nyingi zilizotoka Japan stata yake ni volti 24, na gari lako ni 12. Sio stata tu, hita plagi, altaneta na ile solenoidi ya kuzima kwenye pampu (vali ya umeme inayokata mafuta) vyote viangaliwe kimoja kimoja.

Hatua ya 2: Kuiandaa ikiwa chini

Ikiwa bado chini kwenye tairi kuukuu badilisha taimingi belti na tenshena yake, wota pampu, sili ya nyuma ya krenki, klachi pleti, rilisi beringi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Belti ya 1HZ inabadilishwa kila kilomita 100,000 na wewe hujui hiyo imetembea ngapi hata muuzaji akiapa. Ukishafunga zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zirudi zilipokuwa, ndio ufunike.

Hatua ya 3: Kupima kabla ya kukata

Kabla hatujatoa 2F nililiweka gari sehemu tambarare, tukaweka pima maji juu ya chesesi, halafu nikashusha timazi kutoka katikati ya flenji za transfa na za difu nikaweka alama kwenye sakafu kwa chaki. Pia nikapima pembe ya injini imelala kiasi gani kwenda nyuma. Zile alama za chaki zilikaa pale wiki tatu, nikawakataza vijana hata kufagia, na ndizo zilizotuokoa, kwa sababu injini mpya ikishaning'inia kwenye cheni kila mtu ana maoni yake, huyu anasema sogeza mbele, huyu anasema inua, chaki ndiyo inayoamua.

Hatua ya 4: Mauntini (vishikio vya injini)

Ingiza injini na gia boksi kwa pamoja, ziache zining'inie, angalia vitu vinne: feni na rejeta, sampu na difu (kumbuka difu inapanda gari likizama shimoni), bomba la ekzosi na boksi la stelingi, na mkono wa gia utokee ndani pasipogusa siti. Hapo ndipo ukate vyuma vya mauntini, ushikize kwa nukta za welding, utoe injini, uchomelee vizuri ikiwa nje. Kwenye chesesi chomelea ubavuni, usichomelee kwa kukatisha kingo za juu na za chini, hapo ndipo chesesi inabeba mzigo, ukipachoma unapatengenezea ufa. Na uchomoe betri na altaneta kwanza.

Hatua ya 5: Propela

Kwangu ya nyuma ilikatwa na ya mbele ikaongezwa, ila usikate kwa kipimo changu, pima gari lako likiwa limesimama kwenye tairi zake, sio kwenye jeki. Ile sehemu inayoingia na kutoka iachie sentimita 3 hadi 4 za kuingia zaidi. Peleka kwa mtu mwenye mashine ya lethi na ya kubalansi.

Hatua ya 6: Mafuta

Tanki la petroli lioshwe mpaka uridhike. Lile langu lilikuwa na kutu kama majani ya chai chini, tungeliacha lingeua pampu na nozeli ndani ya mwezi. Dizeli inataka bomba la kurudi kwenye tanki, ya petroli huenda haina au ni jembamba, weka. Weka na kichujio cha kutenganisha maji. Kutoa hewa ni kwa ile pampu ya mkono juu ya filta, pampu mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozeli, piga stata mpaka mafuta yateme, kaza.

Hatua ya 7: Umeme

Hapa dizeli ni rahisi, koili na distribiuta vinaondoka. Solenoidi ya pampu inataka moto ukiwasha swichi NA wakati stata inazunguka, na ukizima ukatike. Hita plagi zipewe rilei yake na waya mnene kutoka betri, usipitishe kwenye swichi ya zamani itayeyuka. Gegi za joto na oili za zamani hazisemi lugha moja na sensa za 1HZ, ama uhamishe sensa za zamani kwa adapta ama ufunge gegi mpya na sensa zake, na usiendeshe hata siku moja kwa gegi ya joto unayoibahatisha.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza mtu mmoja asimame na kipande cha mbao bapa mbele ya mdomo wa hewa. Dizeli ikikimbia yenyewe swichi haiizimi, inazimwa kwa kunyimwa hewa.

Hatua ya 8: Breki, na hapa naomba msome taratibu

Injini ya petroli ina kile kipepeo kwenye kabureta, ukiachia mafuta kinajifunga na ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto, mvuto huo ndio unaovuta busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga pedeli. Dizeli ya 1HZ haina mvuto wa hivyo, hewa inaingia wazi muda wote. Mimi nilikuwa najua hili kwa kusoma lakini siku ile tulikuwa tumechoka, jua linazama, mzee amekuja na kiti chake kuangalia gari likiwaka, kijana akachomeka ule mpira wa busta kwenye manifoldi kama ulivyokuwa kwenye 2F na mimi sikuangalia. Gari likawaka mara ya pili tu, mzee akasimama, tukatoka getini. Kuna mteremko mfupi pale kuelekea mfereji. Nikakanyaga breki pedeli ikawa kama nimekanyaga jiwe, haishuki, gari linakwenda. Nilisimama na miguu yote miwili juu ya pedeli, nikaingiza gia ya kwanza, likasimama kama hatua mbili kutoka kwenye mfereji, na mzee alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakusema neno, alinishika tu bega. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo: busta lazima iunganishwe na vakyumu pampu. Kwenye injini nyingi za 1HZ iko nyuma ya altaneta, ina mpira wa oili kuingia na mnene wa oili kurudi kwenye injini, yote miwili ifungwe, ukisahau wa kuingia pampu inakufa. Ukinunua altaneta ya bei rahisi isiyo na pampu hapo nyuma huna breki. Kujaribu ni hivi, injini ikiwa imezimwa kanyaga pedeli mara tano mpaka iwe ngumu, iendelee kushikiliwa, washa injini, pedeli inatakiwa izame kidogo yenyewe. Isipozama gari halitoki getini.

Hatua ya 9: Makaratasi

Namba ya injini na aina ya mafuta vimebadilika, kadi ya gari haisemi ukweli tena. Tunza risiti ya injini, gari likaguliwe, uende TRA (mamlaka ya mapato) kadi irekebishwe, na bima uwaambie.

Maswali

Mdau wa Iringa: Mkuu hongera sana. Mimi nabeba mbao, mlima Kitonga itapanda? Na nikiongeza tabo (turbo)?

Jibu: Itapanda kaka, ila kwa gia, sio kwa papara. Iweke gia ya pili au ya tatu mapema kabla haijalegea, na ile ya tano ni ya tambarare tu. Kuhusu tabo, 1HZ haikuzaliwa nayo, wengi wameifunga wakaongeza na mafuta, wakaja kupasua silinda hedi kwenye mlima mrefu. Ukiitaka kweli anza na gegi ya joto la ekzosi kabla ya tabo yenyewe. Mimi kwa mbao na Kitonga ningeacha, na hela ile ningeiweka kwenye breki za mbele, za gari langu zilikuwa dramu, naweka diski za Land Cruiser 60 series.

Mdau wa Mombasa: Ndugu yangu, kwa nini usitie D4D ya 1KD, ile dizeli mpya ya Toyota, nguvu zaidi na mafuta kidogo? Na huku kwetu makaratasi vipi?

Jibu: 1KD ni injini nzuri sana sikatai, ila inakuja na kompyuta yake, waya zake, pedeli ya umeme, mara nyingi na funguo yake pia, na nozeli zake hazisamehe dizeli chafu. Kama unaye fundi umeme wa kweli na unapata mafuta safi, fanya. Pikapu ya mzee inajaza popote hata kwenye dumu. Makaratasi kwenu ni NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kubadilisha taarifa za gari, anza mapema.

Mdau wa Mwanza: Shikamoo fundi. Nimefunga kama yako, inawaka vizuri nikiachia tu funguo inazima. Nimebadilisha filta mara mbili.

Jibu: Marahaba kijana. Acha filta. Umechukua waya gani kupeleka kwenye solenoidi ya pampu? Kama ni ule uliokuwa unakwenda kwenye koili, fuatilia nyuma utakuta umepita kwenye rizista, kile kijiti cheupe. Ukipiga stata moto unapita njia nyingine kamili, ukiachia unapita kwenye rizista unakuwa mdogo, solenoidi inashindwa kushikilia inafunga mafuta. Ruka rizista uchukue moto kamili.

Mdau wa Mwanza: Fundi imekubali! Imekaa inaunguruma dakika ishirini. Asante sana.

Dada wa Bukoba: Habari kaka. Gari ni la marehemu baba, petroli yake bado inawaka. Hivi inalipa kweli?

Jibu: Nzuri dada, pole kwa mzee. Kama linatembea mara moja kwa mwezi hailipi, fanyia kabureta sevisi uendelee nalo. La kwangu lilikuwa linakwenda kilomita nne na kidogo kwa lita, sasa nane na mzigo, na linafanya kazi kila siku, hapo ndipo imelipa. Na ukiibadilisha usiiuze ile 2F, ipake oili uifunike, ni ya baba.

Mdau wa Dodoma: Mkuu langu limekaa vizuri ila kuanzia spidi 60 linatetemeka mpaka vioo, fundi anasema mauntini laini.

Jibu: Mauntini ingetetemeka na ukiwa umesimama. Hiyo ni propela. Ingia chini uangalie krosi mbili za ile ya nyuma, masikio ya mbele na ya nyuma yanatakiwa yalale sawa, ukiifungua ukairudisha ikiwa imekosea meno inatetemeka hivyo hivyo. Piga alama kwa tindo pande zote mbili kabla hujaichomoa, irudishe ikiwa imenyooka, halafu uniambie mtetemo umeanzia spidi ngapi safari hii.