Fritata ya mboga na fromaji ya Masisi kwenye friteze ya hewa

Mwenzetu aliyepokea likelemba (ule mchango wetu wa kupokezana pesa kwa zamu) mwezi uliopita hakununua kitenge wala sufuria. Alinunua friteze ya hewa, ile ya kukaanga bila mafuta mengi. Wengine wawili wakamfuata, na tangu hapo simu yangu hailali: "Yaya, ile yai yako ya munene unaifanyaka namna gani?" Naandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake. Maswali mliyoniuliza siku ile nilipoonyesha pale Keshero, hapa Goma, nimeyaweka chini, pamoja na majibu.

Waitaliano wanaiita fritata, jina linalotokana na neno lao la kukaanga. Si omleti. Omleti unaipiga moto mkali, unaikunja, dakika mbili umemaliza. Fritata ni mayai yaliyochanganywa na mboga, yanaiva polepole mpaka yanashikana kama mkate, halafu unakata vipande. Mayai matano yanatosha watu wanne wenye mkate mezani, au watu wawili waliotoka kubeba mawe.

Kabla ya kuvunja yai hata moja, toa kikapu cha friteze, hakikisha haijachomekwa, uchungulie kwa juu ndani. Utaona chuma kilichojiviringa, na nyuma yake feni. Moto wake uko juu! Feni inausukuma ushuke na kuzunguka kandokando ya chombo. Sisi tumezoea babula, jiko la mkaa, ambako chakula kinaungua chini. Hapa kinaungua juu wakati katikati bado ni uji. Mara yangu ya kwanza niliweka digrii 200 kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nakaanga viazi. Dakika ya nane juu pamekuwa peusi kama jiwe la volkano ya Nyiragongo. Nikachoma kisu, yai bichi likatiririka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Siku hiyo watoto walikula mkate na chai, na mkubwa wao hajaacha kunikumbusha.

Tayarisha hivi: mayai 5, vijiko 3 vya maziwa, kitunguu kimoja, nusu ya pilipili hoho, karoti ndogo, fungu dogo la lenga-lenga (mchicha), fromaji, yaani jibini, gramu 80 hivi (ikishakunwa inajaza viganja viwili), kijiko kimoja cha mafuta, chumvi kidogo na pilipili manga. Chombo kiwe cha chuma, cha duara, upana wa sentimita 16 mpaka 18, kisicho na mpini wa plastiki.

Hatua ya 1: mboga

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Fritata karibu zote ninazoletewa nionje zina ugonjwa mmoja: maji. Mboga mbichi ikiingia kwenye yai inatoa maji yake wakati yai linaganda, na unapokata kipande unakuta dimbwi kwenye sahani.

Lenga-lenga ioshe kwa maji matatu. Si usafi wa kujionyesha. Udongo wetu ni wa volkano, na ukimwaga beseni la kwanza taratibu utaona mchanga mweusi umebaki chini, mwembamba kama baruti. Punje moja tu ukiitafuna, hamu yote imekwisha. Ikate, iweke kwenye sufuria kavu bila maji wala mafuta, igeuze mpaka inyong'onyee. Iache ipoe, halafu ikamue kwa ngumi. Fungu zima litabaki donge linaloenea kiganjani, na maji ya kijani yatapita katikati ya vidole. Kamua tena. Ukidhani imetosha, kamua mara ya tatu.

Kitunguu, karoti na hoho vikate vidogo kama punje za mahindi. Vitie kwenye kile chombo chako na mafuta, weka kwenye friteze digrii 180 kwa dakika 6, ukoroge mara moja katikati. Hii inafanya kazi mbili: mboga inakauka na kupata utamu, na chombo kinapata moto, kwa hiyo yai likimwagwa halishiki chini.

Hatua ya 2: mayai na fromaji

Vunja kila yai kwenye kikombe peke yake kwanza. Mayai ya sokoni yamesafiri, mengine yamekaa juani, na moja bovu linatosha kukutupisha yote matano. Piga kwa uma mpaka ute na kiini viwe rangi moja, basi. Usipige mpaka povu. Povu linaumuka vizuri ndani ya friteze, unafurahi, kisha ukitoa linashuka na kukunjamana. Maziwa yasizidi vijiko vitatu, maana yakizidi yanageuka maji yaleyale tuliyokuwa tunayakimbia.

Sasa fromaji. Tuna bahati ambayo hatuisemi. Watu wa Kinshasa wakipata mgeni anayetoka Goma wanamwagiza fromaji, sisi tunaipita sokoni kama matofali. Ile ya duara, ya manjano, yenye ngozi ngumu, jamaa wa Gouda ya Waholanzi, inatengenezwa kwenye mashamba ya ng'ombe huko milimani Masisi na kushuka kwa barabara ya Sake. Barabara ikifungwa, bei inapanda siku hiyohiyo. Kwa fritata chagua iliyo changa: bonyeza kwa kidole gumba, ibonyee kidogo na kurudi. Iliyokomaa ni tamu kwa kutafuna, lakini kwenye moto inatoa mafuta na chumvi yake ni kali. Ionje kabla ya kutia chumvi kwenye mayai. Mimi naweka robo ya kijiko cha chai, na fromaji ikiwa ya zamani siweki kabisa.

Ikune kwa upande wa kikunio wenye matundu makubwa. Theluthi mbili changanya na mayai. Theluthi moja weka pembeni, itaingia mwishoni.

Hatua ya 3: moto

Changanya lenga-lenga kwenye mayai, mwaga juu ya mboga zilizo kwenye chombo cha moto, koroga mara moja. Kina kisizidi sentimita 3. Acha nafasi ya kidole kati ya chombo na ukuta wa kikapu, hewa ipate njia.

Digrii 160, dakika 10, bila kufungua. Kisha nyunyiza fromaji iliyobaki juu, rudisha dakika 3 mpaka 5. Ukiiweka tangu mwanzo inageuka ngozi ya ngoma.

Tikisa chombo: fritata iliyoiva inatetemeka katikati kama maziwa yaliyoganda, kipande kimoja. Ikicheza kama maji, ongeza dakika 2. Kisu kikichomwa katikati kitoke na unyevu, kisitoke na yai. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute digrii 71 katikati. Ukitoa, iache dakika 5 kabla ya kukata. Itajivuta yenyewe kutoka kando za chombo, na joto lililo ndani linamalizia kazi.

Umeme ukikatika

Hii haimo kwenye kitabu cha friteze, kwa sababu aliyekiandika haishi kwetu. Ukikatika kabla ya dakika ya tano, fritata bado ni maji, usiingojee. Hamisha chombo kwenye babula yenye makala (mkaa) machache, funika kwa kifuniko cha chuma, na juu ya kifuniko weka makala mengine, mengi kuliko ya chini. Ni vilevile bibi zetu walivyooka mikate. Dakika 10 inaiva, na nakiri ina harufu nzuri kuliko ya mashine. Ukikatika baada ya dakika ya kumi, usifungue kikapu. Joto lililobaki linaweza kuimaliza kwa robo saa hivi. Ikague kwa kisu kabla ya kumpa mtu.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Himbi: Yaya, miye nilifata digrii 160 yako lakini juu iliungua tu. Iko shida gani?*

Friteze ndogo zina chuma cha moto karibu sana na chakula. Shusha mpaka 150 na uongeze dakika 4, au funika chombo kwa karatasi ya alumini dakika 8 za kwanza. Lakini ikunje vizuri chini ya ukingo. Ukiilaza tu juu, feni itaipeperusha na kuibandika kwenye chuma. Karatasi ya kuokea ni mbaya zaidi, inaweza kushika moto.

*Papa wa Katindo: Mama, hii mashine haitamaliza umeme wa nyumba? Bibi yangu anataka anunue.*

Papa, tupige hesabu. Angalia kibandiko chini ya mashine. Ikiwa ni wati 1,500 na ikawaka dakika 20, yaani mboga pamoja na mayai, umetumia nusu ya kilowati-saa, na kwa kweli ni pungufu, kwa sababu chuma kinazima na kuwaka chenyewe. Zidisha kwa bei ya mita yako, ulinganishe na makala ya kupika chakula hichohicho. Mimi hesabu yangu ilinishawishi. Kinachokupasa kuogopa ni ralonji. Ule waya mwembamba unaochomekwa taa, simu na redio usiubebeshe wati 1,500. Baada ya dakika tano gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, chomoa, chomeka moja kwa moja ukutani. Na kama unategemea jenereta ndogo ya kuwasha televisheni, haitaiweza.

*Mama wa Ndosho: Kwetu saa moja ya magaribi kurant iko chini sana, taa inakuwa nyekundu. Itaiva?*

Itaiva kwa kuchelewa. Umeme ukishuka, chuma hakipati moto wake na feni inazunguka kivivu. Ongeza dakika 5 na uamini kisu kuliko saa. Mimi siku hizo napika saa kumi jioni, kabla kila nyumba haijachomeka vitu vyake.

*Mama wa Birere: Naweza weka sombe pahali pa lenga-lenga?*

Sombe mbichi hapana, mama, hata kidogo. Majani ya muhogo yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na dakika 15 za friteze hazitoshi. Sombe iliyobaki jana, iliyoiva kabisa, vijiko viwili vilivyokamuliwa mafuta ya mawese, hiyo sawa. Ila fritata itakuwa na rangi ya kinamasi, usilaumu mtu.

*Dada wa Majengo: Na tomate?*

Toa mbegu na maji, tumia nyama tu. Au kata visahani vyembamba uviweke juu wakati wa fromaji ya mwisho.

*Yaya wa Bukavu: Huku kwetu fromaji ya Masisi inafika bei kali. Nikiweka sambaza?*

Hapo umenifurahisha. Sambaza, hao samaki wadogo, wenyewe ni wageni katika ziwa Kivu, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo nani atakumbuka? Wakaange kwanza mpaka wakauke, kiganja kimoja kinatosha, waweke pamoja na kitunguu. Punguza chumvi. Usiwaweke wabichi, utarudi kwenye habari ya maji. Bila fromaji fritata inakuwa kavu kidogo, kwa hiyo ongeza kijiko cha mafuta na uitoe dakika moja mapema, mradi katikati pameshikana.

*Mama wa Himbi: Sina chombo ya kuingia ndani.*

Sufuria ndogo isiyo na mpini, au bati la keki. Vibakuli vinne vya chuma pia ni vizuri, kila mtoto na chake, lakini vinaiva haraka: anza kuangalia dakika ya 7. Makopo ya nyanya msitumie. Ndani yamepakwa kitu ambacho hakikutengenezewa moto huo.

*Mama mkwe wa mtu, hakutaka mtaa wake uandikwe: Yai yenu inanuka.*

Mama, shikamoo. Inanuka ikiiva kupita kiasi. Aliyekupikia aliisahau ndani. Mwambie apunguze dakika 3 na atie kitunguu cha majani na tangawizi kidogo. Nitakuletea kipande Jumamosi, ukinikatalia nitajua si yai.

*Dada wa Keshero: Mutoto anaweza beba ku masomo?*

Ikipoa vizuri, ndani ya mkate, ndiyo, lakini aile saa ya mapumziko ya kwanza. Bila friji isikae zaidi ya saa mbili. Kwenye friji siku tatu, na kuipasha moto tumia digrii 150 kwa dakika 4. Mwanangu anaipenda baridi, na pilipili ya kusaga kando, ambayo mwalimu ameshanilalamikia mara mbili kwa sababu anawaonjesha wenzake.