Gego la mwisho lililokwama: kazi ya kufanya kabla ya rufaa

Gego la mwisho huota kati ya miaka 17 na 25. Taya likikosa nafasi, jino hulala au huishia njiani, na ufizi hubaki umelifunika nusu. Chini ya kinyama hicho ugali na chembe za korosho hujificha, mswaki haufiki, usaha hufuata.

Mgonjwa akifika zahanati, iwe Tandahimba au Nachingwea, mwambie afungue mdomo kwanza. Vidole vyake viwili visipopita kati ya meno ya mbele, au akiwa na uvimbe chini ya kidevu, mate yanamtoka, kumeza ni shida, usimlaze hadi kesho: mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), saa hiyohiyo. Uvimbe huo huziba njia ya hewa.

Asipokuwa na dalili hizo, osha. Jaza maji ya dripu ya chumvi kwenye bomba la mililita 10, weka sindano butu iliyopinda, pitisha ncha chini ya kinyama, sukuma taratibu hadi yatoke maji safi. Hii ndiyo tiba yenyewe. Ukiiruka ukaandika dawa tu, uvimbe utarudi, maana uchafu umebaki palepale. Tazama pia gego la juu: likikigonga kinyama kila anapofunga mdomo, hakitapona.

Nyumbani asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji vuguvugu, kila baada ya kula. Mtu mzima anywe parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Metronidazoli, miligramu 400 mara 3 kwa siku 3, ni ya mwenye homa, uvimbe uliosambaa au mdomo usiofunguka vizuri. Akiitumia asiguse pombe, na msimu wa mabibo mtajie uraka kwa jina, kwani wapo wasiouhesabu kuwa pombe.

Likirudia kuvimba, ling'olewe, ila baada ya picha ya eksirei. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita jirani na mizizi. Ukiumia, mdomo hufa ganzi kwa miezi, wakati mwingine maisha yote. Gego lililozama mfupani bila kusumbua huachwa, likaangaliwa.

Akishang'olewa, ang'ate pamba dakika 30, asiteme mate kwa nguvu wala kuvuta sigara. Maumivu yakizidi siku ya tatu na harufu ikatoka, donge la damu limeng'oka: arudi shimo lioshwe na kuwekwa dawa.