Somo: Jinsi ya Kusoma Jiwe la Kaburi la Mfalme wa Misri, Kabla ya Piramidi

Tukisikia makaburi ya mafirauni, wengi wetu tunawaza piramidi. Leo turudi nyuma zaidi, hadi kwa wafalme wa ukoo wa kwanza, takriban 3100 hadi 2900 KK. Hao walizikwa jangwani Abydos, magharibi ya Mto Nile, mahali ambapo wenyeji wanapaita Umm el-Qaab, yaani Mama wa Vyungu, kwa jinsi ardhi ilivyojaa magae. Kila kaburi lilisimamishiwa mawe mawili yenye jina la mfalme. Ukiweza kusoma moja, mengine hayatakusumbua.

Tutatumia jiwe la mfalme Djet, yule aitwaye Mfalme Nyoka. Ni jiwe la chokaa, limekaa makumbusho ya Louvre, Paris, tangu 1904. Kipande kilichobaki kina urefu wa sentimita 143. Tafuta picha yake uiweke mbele yako.

Hatua ya 1: Anza juu, kwa ndege.
Huyo ni kipanga, naye ni mungu Horus. Mfalme alihesabiwa kuwa Horus aliye hai duniani, kwa hiyo ukimwona ndege huyu ujue unasoma jina la mfalme. Usimpite haraka. Angalia miguu yake ilivyokanyaga paa la jumba, na jinsi mchongaji alivyompa kifua kilichojaa kwa mstari mmoja tu uliopinda. Kwangu mimi, hakuna kazi ya mawe ya enzi hizo inayolifikia jiwe hili.

Sasa linganisha na jiwe la Peribsen, mfalme wa ukoo wa pili, lililoko British Museum, London. Juu ya jumba hakuna kipanga. Amesimama mnyama wa mungu Seth, mpinzani wa Horus. Khasekhemwy, aliyetawala mwishoni mwa ukoo huo, akawaweka wote wawili juu ya jina lake, kipanga na mnyama wa Seth. Sababu bado zinajadiliwa, lakini mtu wa wakati ule aliyeona badiliko hilo hakuhitaji kuelezwa kwamba kuna jambo kubwa limetokea ikulu.

Hatua ya 2: Shuka kwenye jumba.
Umbo la mstatili chini ya ndege huitwa sereki. Mistari yake ya wima ni ukuta wa ikulu wa matofali ya udongo. Kwa Djet utahesabu minara mitatu na milango miwili katikati yake.

Hatua ya 3: Soma jina.
Jina limo kwenye nafasi iliyo wazi juu ya ukuta. Kwa Djet ni nyoka mmoja tu, swila, na picha hiyo hutamkwa "dj". Hapa ndipo wanaoanza wanapojikwaa: wanadhani mfalme aliabudu nyoka au alikuwa mkali kama nyoka. Picha nyingi hapa ni za sauti. Mfalme Den huandikwa kwa mkono, "d", na wimbi la maji, "n". Narmer huandikwa kwa samaki kambare, "nar", na patasi, "mer". Lakini Aha ana mikono iliyoshika ngao na rungu, na jina lake kweli maana yake ni mpiganaji. Kwa hiyo jaribu sauti kwanza, maana baadaye.

Hatua ya 4: Tafuta kisichokuwepo.
Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alipochimba Abydos mwaka 1900, alikuta jiwe kubwa lenye jina Merneith, na kaburi lenye hadhi sawa na ya wengine. Akaamini ni mfalme. Litazame vizuri: hakuna kipanga, hakuna sereki, na jina lina alama ya Neith, mungu wa kike. Baadaye, kwenye kaburi la Den, wanaakiolojia wa Kijerumani walipata alama za muhuri wenye orodha ya wafalme: Narmer, Aha, Djer, Djet, Den, kisha Merneith akitajwa kama mama wa mfalme. Jiwe lilikuwa limesema kweli tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Fikiria kilichokuwa chini.
Chini ya mawe kulikuwa na shimo lililojengwa kwa matofali ya udongo, na ndani yake chumba cha mbao. Den ndiye wa kwanza kuweka ngazi, na sakafu yake ilitandikwa mawe ya itale kutoka Aswan. Ngazi ilibadilisha mengi: kaburi liliweza kuezekwa mfalme akiwa bado hai.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba wafalme hawa walizikwa Saqqara. Lipi ni sahihi?*

Marahaba. Saqqara, kusini mwa Cairo, kuna makaburi makubwa ya wakati huo huo, na kwa muda mrefu wapo waliodhani ni ya wafalme. Lakini mawe haya ya jozi yenye sereki yametoka Abydos. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba wafalme wamezikwa Abydos, na yale ya Saqqara ni ya maofisa wakubwa.

*Je, kuna mwili wa mfalme uliopatikana?*

Makaburi yaliporwa na kuchomwa moto zamani sana. Kwenye kaburi la Djer, wafanyakazi wa Petrie walikuta mkono uliofungwa vitambaa, umefichwa kwenye tundu la ukuta, ukiwa na bangili nne za dhahabu, feruzi na mawe mengine ya thamani. Bangili zilihifadhiwa Cairo. Mkono wenyewe ulitupwa. Kila nikifika hapa katika somo hili inaniuma, kwa sababu huenda ulikuwa wa mfalme au wa malkia wake, na leo tungeweza kuuliza.

*Mwalimu, ni kweli watumishi waliuawa wazikwe na mfalme?*

Ushahidi unaelekea huko. Djer amezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 300. Karibu na Aha walilala hasa vijana wa kiume, na si kawaida vijana wengi hivyo kufa kwa pamoja. Kwa Semerkhet, makaburi ya watumishi yalifunikwa kwa paa moja na la bwana wao, maana yake walizikwa siku zile zile. Kwa Qaa, wa mwisho wa ukoo huo, wamebaki 26, kisha desturi ikakoma.

Baadhi yao walipewa mawe yao pia. Ni vipande vidogo, vimechongwa harakaharaka, mara nyingi jina na umbo la mtu aliyekaa. Hapo hakuna kipanga wala jumba. Kuna wanawake, kuna mbilikimo wa ikulu, na kuna mbwa, nao wameandikiwa majina yao.