Alhamisi ya kwanza ya Mei: kura ya halmashauri kwa Waafrika Mashariki walioko Uingereza

Mkenya amezoea Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mtanzania husubiri waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) atangaze siku ya uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji: 14 Desemba mwaka 2014, 24 Novemba 2019, 27 Novemba 2024. Uingereza siku imo kwenye sheria, nayo ni Alhamisi ya kwanza ya Mei. Kinachowapiga chenga wageni ni mwaka.

London huchagua madiwani wote kwa mpigo kila miaka 4. Kwingineko England, halmashauri fulani huchagua theluthi moja miaka 3 mfululizo kisha hupumzika. Nyingine huchagua nusu kila miaka 2. Scotland na Wales ni kila miaka 5, zamu ijayo 6 Mei 2027. Ingia tovuti ya halmashauri yako kila Januari, maana hata tarehe ya kisheria huhamishwa: kura za 2020 zilisogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona.

Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda mwenye kibali halali cha kuishi, hata cha mwanafunzi, anapiga kura kama raia wa Jumuiya ya Madola. Mkongomani na Mrundi wanaruhusiwa Scotland na Wales, ila si England. Umri ni miaka 18 England, 16 Scotland na Wales.

Hesabu siku kurudi nyuma, ukiruka wikendi na sikukuu, bila kuhesabu siku ya kura yenyewe. Kujiandikisha mwisho ni siku ya 12 ya kazi; kuomba kura ya posta, siku ya 11 saa 11 jioni. Kwa 6 Mei 2027, hizo ni 19 na 20 Aprili. Jumatatu ya kwanza ya Mei ni sikukuu, na wanaoisahau hujikuta wamechelewa siku moja. Ukihama nyumba, jiandikishe upya.

Tangu Mei 2023, England hudai kitambulisho chenye picha kituoni. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado ni yako. Leseni ya udereva ya nyumbani haikubaliki. Angalia pia majina: sisi wenye majina matatu huandikishwa kwa mawili, kisha pasipoti ikaonyesha mengine. Linganisha mapema na urekebishe daftarini. Asiye na kitambulisho chochote huomba cheti cha mpiga kura, bure, kabla ya saa 11 jioni siku ya 6 ya kazi.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Pasipoti ikiibwa dakika za mwisho, piga simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri kabla ya saa 11 jioni siku hiyohiyo, uombe mtu mwingine akupigie.