Kukokotoa joto la vazi la Mirihi kwa Excel

Chai haipoi ndani ya chupa ya chai kwa sababu kati ya kuta zake mbili mna ombwe. Hewa ikipenya humo, chupa imekwisha. Wanafunzi wangu hapa Malindi, jirani na Ngomeni ilikorushwa setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, huanza na hilo. Vazi la mwanaanga wa Mwezini ni kama chupa isiyovunjika: karatasi zing'aazo, tabaka juu ya tabaka, katika ombwe. Mirihi kuna kabonidioksidi ya takriban paskali 600. Haitoshi kupumua, ila inatosha kupenya kati ya tabaka na kubeba joto.

Hatua ya 1. Andika kwenye Excel: eneo la vazi m² 2.5, ndani kelvini 293, nje 210 (wastani wa Mirihi, -63°C), emisiviti (uwezo wa uso kutoa joto kwa miale, ambapo 1 ndiyo ya juu kabisa) 0.8. Upitishaji joto wa kizuio weka 1, na wa upepo 1, vyote kwa wati kwa m² kwa kelvini. Hayo mawili ni makadirio yangu.

Hatua ya 2. Tafuta T, joto la uso wa nje. Joto linalopita kizuio lazima lilingane na linalotoka kwa miale na upepo (5.67×10⁻⁸ ni namba isiyobadilika ya Stefan-Boltzmann, ya joto la miale):

1 × (293 − T) = 0.8 × 5.67×10⁻⁸ × (T⁴ − 210⁴) + 1 × (T − 210)

Jaribu thamani mpaka pande zilingane: 231 hivi. Tumia kelvini tu! Selsiasi kwenye T⁴ ndilo kosa ninalosahihisha kila muhula.

Hatua ya 3. 293 − 231 ni wati 62 kwa kila m². Vazi zima, wati 155.

Hatua ya 4, ambayo naipenda kuliko zote. Aliyetulia hutoa wati 100 hivi: anapungukiwa 55, atatetemeka. Anayetembea na mzigo akitoa 300, zimezidi 145, atalowa jasho. Vazi ni lilelile! Ndiyo maana wana-Apollo, wanaanga wa Marekani waliotembea Mwezini, walivaa nguo ya ndani yenye mirija ya maji. Kuondoa wati 145, maji yakipata joto nyuzi 5, yanahitajika lita 0.4 kwa dakika.

Hatua ya 5. Kizuio kiwe 0.1, upepo 0, kama chupa isiyovunjika, kisha tafuta T upya: upotevu haufiki wati 21.

Kwa mchana, ongeza jua upande wa kushoto wa mlinganyo: wati 590 kwa m², mara sehemu inayofyonzwa, mara robo hivi, maana jua humpiga mtu upande mmoja.