Shule na karakana za mtaani: jinsi ya kuanzisha ushirikiano usioishia kwenye picha ya kusaini

Ushirikiano mwingi kati ya shule na viwanda hufa mapema kwa sababu shule huomba kitu ambacho haijakikadiria gharama, na mwenye karakana hukubali kwa adabu tu. Wiki ya kwanza wanafika wanafunzi 40, wanajaa mlangoni, fundi anaacha kazi ya mteja. Wiki ya pili simu haipokelewi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari Tanzania, hasa shule zenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, chini ya mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Mkondo wa jumla nao unaweza kuutumia, kwa sababu kijana anayesoma Biolojia naye anahitaji kujua kiwandani kuna kazi gani zaidi ya "injinia".

Tembea kabla ya kuandika barua

Usianze na kiwanda kikubwa. Chukua eneo la kilomita 3 kuzunguka shule, umbali ambao mwanafunzi anautembea kwa mguu, maana nauli huvunja mipango mingi kuliko ukosefu wa nia. Pita na mwalimu mwenzako alasiri mbili au tatu. Kwa kila gereji, karakana ya useremala, fundi cherehani, mashine ya kukamua mafuta au duka la kuchomelea, andika kazi wanayofanya, mafundi wangapi, mashine gani zipo, nani anayeamua (mara nyingi si yule anayekukaribisha kiti), na msimu wao wa kazi nyingi. Kwenye mkutano wa wazazi uliza nani anafanya kazi ya aina hiyo. Mzazi aliyepo karakanani anafungua mlango kwa haraka kuliko mhuri wowote.

Msimu ndio walimu wengi husahau. Fundi cherehani Desemba na Januari amezama kwenye sare za shule. Seremala kabla ya Idi na Krismasi hana muda wa kuinua kichwa. Wakamuaji wa alizeti wa Singida na Dodoma hushikwa baada ya mavuno, katikati ya mwaka. Weka kalenda hiyo kando ya kalenda ya shule: kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa Novemba, kwa hiyo kuanzia Septemba usiwahesabu. Kwa karakana nyingi za mjini utabakiwa na Februari hadi Machi na Julai hadi Agosti, ukiangalia pia Ramadhani inaangukia wapi mwaka huo.

Kadiria unachoomba

Gharama kubwa ni muda wa fundi. Mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ya kumwelekeza mwanafunzi inatoka mfukoni mwake, si mwa bosi. Kipimo kinachobebeka ni wanafunzi 2 kwa fundi mmoja, saa 2, siku moja kwa wiki, kwa wiki 6. Karakana yenye mafundi watatu ipelekee wanafunzi 2, usipeleke 6. Mafundi wawili wabaki kuhudumia wateja.

Halafu kuna umeme. Karakana inanunua LUKU, na bosi anaona yuniti zikipungua. Mashine ndogo ya kuchomelea kwenye ampea 80 na volti 23 inatoa karibu kilowati 1.8 kwenye moto wenyewe. Ukijumlisha upotevu wa mashine, saa moja ya kuchomelea mfululizo inakula yuniti 2 hadi 4 kulingana na aina ya mashine. Mwanafunzi anayejifunza hafiki hata nusu saa ya moto halisi kwa siku, lakini taja hesabu hiyo wewe kabla bosi hajaitaja. Shule ilete fimbo za kuchomelea, msasa, glavu na miwani yake. Ukifika mikono mitupu siku ya kwanza, ya pili usiitegemee.

Kuomba

Kwa karakana ndogo, mazungumzo kwanza, barua baadaye. Nenda katikati ya wiki, saa 9 au 10 alasiri. Usiende mwisho wa wiki, siku ambayo wateja wanafuata mizigo yao. Salimia kwa umri wake, kisha sema jambo dogo lenye mipaka: "Shikamoo mzee. Tunaomba vijana wawili wa kidato cha tatu waje kila Jumatano saa 8 hadi saa 10 mchana, wiki sita. Fimbo na miwani tunaleta sisi. Grinda na msumeno wa duara hawagusi. Ikikusumbua, unatuambia, tunasitisha." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomfanya akubali.

Kiwanda kikubwa kina njia yake. Barua ya mkuu wa shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, ipelekwe idara ya rasilimali watu miezi miwili kabla. Wakikujibu kwamba tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, wanayotozwa waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi, usibishane. Omba ziara ya saa 2 kwa wanafunzi 15. Kila mwanafunzi apangiwe mfanyakazi mmoja wa kumhoji: mpima ubora, mtunza stoo, fundi umeme, dereva wa foklifti, mhasibu. Maswali matano yanatosha: ulisoma nini, ulianzia kazi gani, siku yako inaanzaje, kosa gani hapa linagharimu sana, na nani anaajiriwa bila kujuana na mtu. Ziara ya kutembezwa kwenye mstari mrefu huku mashine zinanguruma haimfundishi mtu kitu. Wa nyuma hasikii.

Usiahidi zabuni ya madawati ili upendwe. Manunuzi ya shule ya umma yana sheria na mfumo wake wa mtandaoni, NeST, na ahadi hiyo itakurudia.

Hati ya ukurasa mmoja

Hati iwe na majina ya wanafunzi, siku na saa, fundi anayewasimamia kwa jina, kazi wanazoruhusiwa, mashine wasizogusa, nani analipa matibabu wakiumia, nani anabeba hasara kifaa kikiharibika, bidhaa waliyotengeneza ni ya nani, na tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho ni muhimu. Ushirikiano usio na mwisho hakuna anayejua namna ya kuutoka bila ugomvi, kwa hiyo watu huutoroka.

Bosi akiogopa kushtakiwa kwa ajira ya watoto, ana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamzuia wa chini ya 18 kwenye mazingira hatarishi. Sheria hiyohiyo inaacha nafasi ya mafunzo, ikiwa afya, usalama na maadili ya mtoto vinalindwa na amepewa maelekezo ya kutosha. Ndiyo maana unaandika mashine zilizokatazwa, na mzazi anasaini.

Kwenye hati hiyohiyo weka haya bila kuona haya: wanafunzi huwa wawili wawili, hakuna kutumwa nyumbani kwa fundi, hakuna kubaki baada ya saa 10, na wasichana wapewe namba ya mwalimu wa kike wanayeweza kumpigia saa yoyote.

Maandalizi ya usalama

Wiki moja kabla, tumia vipindi viwili. Viatu vya kufunika mguu, si ndala. Ovaroli au suruali ya pamba, maana sare ya poliesta cheche ikiigusa inayeyuka na kushika ngozi. Hijabu iwe fupi, imechomekwa ndani.

Lililo gumu kulieleza ni mwanga wa kuchomelea. Anayeungua macho mara nyingi ni msaidizi anayeshika chuma pembeni bila kioo cheusi, si yule anayechomelea. Wakati huo haumwi. Anarudi nyumbani salama, anakula, analala, na saa kadhaa baadaye anaamka analia, macho yakiwasha kama yamejaa mchanga. Asubuhi mzazi yuko ofisini kwa mkuu wa shule. Kwa hiyo kila mmoja awe na kinyago chake, hata wa kushika tu, na mzazi aambiwe mapema dalili hizo na kwamba mahali pa kwenda ni kituo cha afya, si kutiwa dawa za jirani.

Wasifagie tu

Ukiwaacha hivihivi, wiki ya tatu wanafunzi wako wanafagia na kufuata chapati. Fundi hana ubaya. Hajui awape nini. Mpe kadi yenye kazi 8 hadi 10 za kuweka tiki: kusoma futi, kuweka alama ya kukata, kupima skwea, kupiga msasa, kuchomelea vidoti vya kushikiza, kuandika oda ya mteja.

Kazi moja inayofaa sana ni fremu ya grili ya sentimita 90 kwa 120. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, mwanafunzi anapima kona hadi kona, pande zote mbili. Zote zikisoma 150, fremu imekaa skwea, kona zote ni nyuzi 90. Moja ikisoma 149 na nyingine 151, anagonga kona ya mshazari mrefu hadi zilingane, ndipo afunge. Mwalimu wa Hisabati aipate kadi hiyo Jumatatu, kwa sababu hapo ndipo Pythagoras anapoacha kuwa wa mtihani. Daftari la kazi liwe na mistari minne kwa siku: kazi, kifaa, kipimo, kilichoharibika na sababu.

Mwalimu apite mara moja kila wiki, dakika 15, bila taarifa. Akikuta wanafagia mara mbili mfululizo, azungumze na bosi faragha, si mbele ya mafundi.

Kulipa fadhila

Barua ya shukrani yenye mhuri, itakayobandikwa ukutani, ina thamani kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo, mafundi wengi walijifunza kazini na hawana cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwalimu akimsaidia fundi kuulizia na kujaza fomu, karakana hiyo itawapokea wanafunzi wako mwaka ujao bila kubembelezwa.

Mwisho ni faili. Ushirikiano ukiwa kwenye simu ya mwalimu mmoja, siku anayohamishwa unakwenda naye. Hati, kadi zenye tiki, kalenda ya misimu na namba za mafundi vikae ofisi ya taaluma, na mwalimu wa pili aende karakanani angalau mara mbili kila muhula ili sura yake ijulikane.