Ukianza kazi kwenye kaunta ya famasi

Nimekaa kaunta miaka sita hapa Ngamiani, Tanga, kwenye tawi la kampuni yenye maduka kadhaa ya dawa. Kila mara naletewa kijana mpya katoka chuo, dawa anazijua kuliko mimi, na mteja wa kwanza anamshinda. Haya ndiyo ninayomwambia.

Salimia kwanza. Usicheke. Mtu wa huku hasemi shida yake kabla hamjajuliana hali. Ukimdaka na "unataka nini?" atakutajia Panadol, atalipa, ataondoka na ugonjwa wake. Mzee mpe shikamoo yake, mama muulize za nyumbani, halafu nyamaza. Hapo ndipo utasikia, "Sasa mwanangu, kuna hii ya mkojo..."

Binti anayezungukia mafuta ya nywele mara tatu akingoja duka lipungue watu, huyo anataka P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Usimwite kwa sauti. Sogea pembeni, muulize taratibu umepita muda gani, maana dawa hiyo ni ya ndani ya saa 72, na kadiri anavyoiwahi ndivyo inavyofaa zaidi. Alikuwa na nani hakukuhusu.

Kuna wanaotaja dawa badala ya ugonjwa: "Nipe rangi mbili." "Nipe Azuma." Antibayotiki bila cheti cha daktari usitoe. Utaambiwa duka la pili wanatoa, utaambiwa huna utu. Wewe uliza tu, "Anaumwa nani?" Mara nyingi ni mtoto anaharisha, na anachohitaji ni ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki. Zinki aimalize siku zote 10 hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Akiwa hawezi kunywa, au kuna damu kwenye choo, usiuze kitu, mwelekeze hospitali ya Bombo. Na anayetaka dawa ya malaria muulize kama amepima.

Sasa maelekezo ya dozi, ambayo wengi huyapitia mbio. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja na cheti cha dawa mseto ya malaria. Vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara sita kwa siku tatu. Alimeza vinne vya kwanza palepale, saa tano asubuhi. Nikamwambia, "Vingine baada ya saa nane, babu." Akaitikia vizuri. Akaenda nyumbani, adhana ya adhuhuri ikapita, na ilipogonga saa nane mchana akameza vinne vingine. Yaani baada ya saa tatu! Kesho yake alirudi kuuliza kwa nini tumbo linamsokota, nami nikatamani ardhi inimeze. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Tangu siku hiyo sitaji "baada ya saa" kadhaa na kuishia hapo. Nahesabu kwa vidole mbele ya mteja, namtajia saa yenyewe: "Leo saa moja usiku, ukishakula." Naiandika juu ya pakiti kwa kalamu nene. Kisha namwambia, "Hebu niambie utamezaje." Akikosea narudia, hata foleni ikiguna. Ile 1×3 tunayoiandika sisi, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, wapo wanaoisoma ni kidonge kimoja kwa siku tatu.

Ramadhani ongeza swali moja: "Umefunga?" Dozi ya mara tatu haina nafasi kati ya futari na daku. Usiipange upya kwa kichwa chako, mpigie daktari aliyeandika, huenda ipo ya mara mbili.

Joto la Kaskazi halina huruma na dawa. Insulini hukaa nyuzi 2 hadi 8, basi soma kipimo cha friji asubuhi na jioni na uandike. Umeme ukikatika, friji usiifungue kutazama kama bado ina baridi.

Kuhusu kampuni: utapewa tageti ya mauzo, na simu kutoka makao makuu itauliza kwa nini mteja wako katoka na kitu kimoja tu. Jibu kwa adabu. Mimi vitamini simwuzii mtu aliyekuja na nauli ya kurudia mkononi, na nimeshasemwa kwa hilo. Dawa ikikosekana piga simu tawi jingine kabla ya kusema hakuna. Zinazokaribia kuisha muda zipange mbele, maana mwisho wa mwezi tunahesabu stoo nzima, na kinachopungua kwetu hukatwa kwenye mishahara. Niliwahi kukatwa kwa maboksi mawili ya dawa ya presha yaliyokuja kuonekana nyuma ya rafu miezi miwili baadaye. Hela haikurudi.

Siku ya kuhesabu beba chakula, na umwambie mtu wa bajaji mapema. Tukitoka huwa saa tano usiku, hiyo ya usiku kweli.